Ufa Uliofunikwa kwa Lipu

Julai 2022 binamu yangu alinunua nyumba ya zamani Gisenyi, Rwanda, upande wa Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma. Vyumba vinne, msingi wa mawe meusi ya volkeno, bati jipya, kuta zimepigwa lipu na rangi haijaisha harufu. Komisiyoneri, yaani dalali, aliyempeleka hakumwacha apumue: yuko mtu wa Goma, alisema, anakuja kesho na dola mkononi.

Binamu yangu si mzembe. Alichukua UPI, ile namba ya kiwanja, akahakikisha hakuna rehani wala kesi. Waliouza walikuwa mume na mke, na wote wawili walitia saini. Hati ikatoka kwa jina lake bila kasoro. Nusu ya fedha ilikuwa akiba ya miaka kumi na moja, nusu mkopo wa benki. Nyumba yenyewe aliitembelea mara tatu, zote mchana, zote kiangazi, zote akiwa na komisiyoneri.

Mvua za Septemba zilipoanza, ufa ulijitokeza kwenye kona ya dirisha la sebule, mwembamba kama uzi. Kufika Novemba ulikuwa umeshuka hadi sakafuni, na mlango wa jikoni haukufunga tena. Fundi alipobandua lipu kwa patasi, hakukuta ufa mpya. Alikuta wa zamani, mpana kama kidole, umejazwa karatasi za mifuko ya saruji kisha ukapakwa juu. Aliufuata kwa patasi mpaka kwenye msingi, akasimama, akanawa mikono. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ulizibwa, na ukuta ulihitaji kujengwa vilevile.

Mama jirani alikuja kutoa pole. "Mwanangu," alisema, "ungebisha hodi kwangu tu. Ukuta huo ulipasuka wiki ile ya volkeno, sisi tukilala nje na watoto."

Wiki ile kila mtu wa hapa anaijua. Jioni ya Mei 22, 2021, Nyiragongo ililipuka. Lava ilishukia upande wa Kongo, lakini matetemeko yaliyofuata kwa siku kadhaa hayakujua mpaka. Ardhi ilipasuka Gisenyi kama Goma, barabara zikachanika, nyumba zikapata nyufa, nyingine zikaanguka. Tumejenga ndani ya Bonde la Ufa, na jina hilo halikutolewa bure.

Japani, nchi ya matetemeko, mnunuzi wa ghorofa la zamani huuliza tarehe kabla ya bei: kibali cha ujenzi kilitolewa kabla au baada ya Juni 1, 1981? Siku hiyo kanuni kali zaidi za kustahimili tetemeko zilianza kutumika, na swali hilo wanalo hata watu wasiojua lolote la uhandisi. Sisi nasi tunayo tarehe yetu, ila tunaona haya kuitaja mbele ya muuzaji. Wanaonunua bondeni, kando ya mto Sebeya, wanayo ya pili: usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko yalipoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, wilaya yetu ya Rubavu ikiwamo.

Hati inasema kiwanja ni cha nani. Haisemi ukuta ulifanya nini ardhi ilipotikisika. Hilo analijua fundi, analijua mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, na zaidi ya wote analijua jirani.

Binamu yangu leo analipa kodi ya nyumba aliyopanga na mkopo wa nyumba asiyoweza kulala ndani yake. Wewe unayetafuta nyumba kuukuu hapa kwetu, nenda siku ya mvua, nenda na fundi wako mwenyewe, na umuulize muuzaji ilikuwaje Mei 2021. Akikujibu kwamba hakuwapo, bisha hodi nyumba ya pili.