Amana Yenye Uhai: Neno juu ya Mlezi wa Mbwa

Watu huuliza mara nyingi juu ya amana ya fedha, bali mara chache juu ya amana yenye uhai. Fedha ukiitia sandukuni haikui wala haibadiliki. Mwenyewe akirudi wampa kama ulivyoipokea. Mnyama mchanga si hivyo. Ukimpokea leo, baada ya mwezi si yule tena, na kila siku anayokaa mikononi mwako yamfanyiza tabia, upende usipende. Basi twauliza: Mtu aliyekabidhiwa mnyama wa mwenziwe, je, deni lake ni kumrudisha hai tu, au ni kumrudisha amelelewa vema?

Twaliuliza neno hili kwa sababu siku hizi wako watu wapatao riziki kwa kutunza mbwa wa wengine, wenyewe wakiwa safarini. Tuweke mfano wetu Kigwa, katika wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora. Tuseme kijana mmoja wa huko amepewa na mtumishi wa serikali watoto wawili wa mbwa, wa tumbo moja, umri wao majuma manane. Mwenye mbwa anakwenda masomoni kwa miezi sita. Ameacha fedha za chakula na ujira, naye amesema maneno machache tu: “Uwalishe, wasife, wasipotee.”

Nchi ya Kigwa yalijua neno amana tangu zamani, kwa maana njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita huko. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, na Stanley aliifuata njia hiyo mwaka 1871. Msafara haukuweza kwenda bila kuaminiana, kwa kuwa mali ya mtu ilitangulia miezi mingi mbele yake mikononi mwa wengine. Mwezi wa Oktoba 1871 Livingstone alifika Ujiji mgonjwa na maskini, akakuta bidhaa zake zote zimeuzwa na yule aliyekabidhiwa, naye akajitetea kwamba amepiga ramli akaona mwenye mali amekufa. Bali Livingstone alipokufa kweli, mwezi wa Mei 1873, Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake kwenda pwani. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike huko. Wakakataa, wakaendelea hata Bagamoyo, Februari 1874. Hakuna aliyewaamuru. Waliona wenyewe ni nini kilichowapasa.

Liko na neno la tatu, dogo kuliko hayo, lakini latuhusu zaidi. Livingstone alikuwa na mbwa mdogo jina lake Chitane. Mwezi wa Januari 1867 walivuka kinamasi kipana, maji yakifika kiunoni. Livingstone alitangulia wala hakuacha amri juu ya mbwa. Na watu kila mmoja alijishughulisha asianguke yeye na mwenziwe. Mbwa akaogelea hata akachoka, akazama. Hapana aliyemtendea ubaya. Alikufa kwa sababu wote walimpenda, wala hapana hata mmoja aliyeambiwa, “Huyu ni juu yako.” Ndiyo faida ya kwanza ya mlezi: yuko mtu mmoja ajuaye kwamba neno hili ni juu yake.

Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka sura ya 22, yapambanua habari ya mnyama aliyewekwa kwa jirani. Akifa au akiumia pasipo kuonekana na mtu, mlinzi ataapa, na mwenyewe atakubali. Akiibwa, mlinzi atalipa. Akiraruliwa na mnyama wa mwitu, mlinzi ataleta mabaki yawe ushuhuda. Ni sheria ya haki, na watu wa Unyamwezi na Usukuma, ambao tangu kale huwekeana ng'ombe, waielewa upesi. Lakini sheria hiyo yauliza juu ya hasara iliyoonekana. Haiulizi kama mnyama amefunzwa. Hapo yule kijana wetu wa Kigwa hana budi kutafuta ndani ya moyo wake mwenyewe.

Tutazame kazi yake. Huamka kabla ya jua, maana watoto wa mbwa hawawezi kujizuia usiku kucha. Huwapikia ugali na dagaa, hutafuta kupe masikioni mwao, huwaangalia wasiende porini penye mbung'o, ambao ugonjwa wao huua hata mbwa. Huwapeleka kwa bwana mifugo wachanjwe. Hawezi kulala msibani wala kwenda Tabora mjini asipopata wa kumshikia zamu. Tena wako majirani Waislamu, ambao kwao chombo kilicholambwa na mbwa sharti kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Yampasa basi awazuie mbwa wasifike penye vyombo vyao, pasipo kungoja kulalamikiwa.

Hayo yote ni kazi ya mikono. Shida ya moyo yatokea hapa. Wale wawili ni kama chanda na pete. Hula pamoja, hulala wamelaliana, na mmoja akiondolewa hata kidogo, wa pili hulia. Kwa macho ni jambo la kupendeza. Lakini baada ya majuma machache kijana aona kwamba hawamsikii. Akiita, hutazamana wao kwa wao. Tena mmoja ni shupavu, wa pili mwoga. Yule mwoga hujificha nyuma ya nduguye kila apitapo mtu au baiskeli. Wafunza mbwa wengi wayajua haya, nao hushauri kwamba wawili wa tumbo moja walazwe mbalimbali, na kila siku kila mmoja afundishwe na kutembezwa peke yake. Wala wakati si mrefu. Wataalamu Scott na Fuller, waliofanya uchunguzi wa miaka mingi huko Marekani na kutoa kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba mtoto wa mbwa huzoea watu kwa wepesi tangu juma la tatu hata karibu na juma la kumi na mbili. Akipitwa na siku hizo, kumzoeza ni kazi ngumu.

Je, awatenge? Wako watakaosema, “Ni ukatili kuwatenga ndugu.” Twajibu: Hatusemi watengwe siku zote. Watacheza pamoja na kuota jua pamoja. Lakini kwa saa kadha kila mmoja ajifunze kusimama bila mwenziwe. Watalia, ndiyo. Wazee wetu walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Tena tumfikiri yule mwoga. Akikua hivyo, siku moja nduguye atakufa au atapewa mtu mwingine, naye atabaki hajui kumwamini mtu yeyote. Mbwa mwenye hofu huuma, na mara nyingi aumwaye ni mtoto. Twajua kwamba karibu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa wamekipata kwa meno ya mbwa.

Wengine watasema, “Yeye ni mtu wa ujira. Ameambiwa awalishe, na awalishe, basi.” Neno hili lina nguvu kuliko la kwanza, kwa maana kweli mbwa si wake, wala hana ruhusa ya kugeuza malezi kwa siri kama apendavyo. Lakini kati ya kugeuza kwa siri na kunyamaza iko njia ya tatu, nayo ni kusema. Na ampelekee mwenyewe habari: “Mbwa wako ni wazima, ila naona hivi na hivi, wanipa ruhusa nifanye hivi?” Akikubali, kazi imeongezeka, na ni haki kupatana tena juu ya ujira. Akikataa, mlezi ameshatoa deni la kweli, naye ataendelea kuwalisha kwa uaminifu. Bali aonaye kasoro akanyamaza kwa sababu hakuagizwa, huyo amelinda mifupa na ngozi ya amana, akaiacha tabia yake iharibike.

Wa tatu watauliza kama si aibu kuhangaikia mbwa hali wako watoto wa watu wenye njaa. Kama chakula cha mbwa chatolewa kinywani mwa mtoto, ni aibu kweli. Lakini uangalifu si kibaba cha unga kinachopungua kila kikichotwa. Kijana azoeaye kumtazama mnyama mwoga kwa saburi, atamtambua na mtoto mwoga anayejificha nyuma ya kaka yake darasani. Serikali nayo imeliona jambo la wanyama kuwa si dogo, ndiyo maana nchi yetu ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.

Limebaki neno moja gumu. Mwezi wa sita mwenyewe atarudi, na kijana atawatoa. Amewapenda, nao wakilelewa vema, watamfuata bwana wao wakiitwa. Malezi yake yalikusudiwa hayo tangu siku ya kwanza, hata kama nyumba itakuwa kimya jioni ile. Ninyi mnaofundisha watoto wa wenzenu mwaijua siku hiyo. Siku ya kuwatoa, na amwambie mwenyewe ni yupi mwoga, hupenda kuitwaje, na usiku alazwe wapi.