Udhuru wa Dini ni Amana



Ndugu zangu wanafunzi, tangu niliporudi kutoka Japani nimeulizwa swali moja kuliko mengine yote: je, Mwislamu anaweza kufanya kazi katika kampuni ya Wajapani na dini yake ikabaki salama? Anayeuliza huwa anafikiria mambo matatu: swala, nyama ya nguruwe na pombe. Namjibu kwamba hayo matatu, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, ndiyo yaliyonisumbua kidogo. Lililonishinda lilikuwa jingine, na wala sikufundishwa na Mjapani. Ndilo ninalotaka tulitafakari pamoja: mtu anapopewa nafasi kwa ajili ya dini yake, nafasi hiyo ni ya nani?

Nilizaliwa Nyarusange, Gitega. Baba yangu ana duka la maharage, mchele na chumvi. Sisi Waislamu wa Burundi ni wachache, na majirani wengi hutuita Waswahili, hata yule ambaye babu yake alizaliwa kwenye kilima hicho hicho. Neno hilo kwa Kirundi lina ladha mbili: Mwislamu, na mtu mjanja wa maneno. Baba aliijua vizuri ladha hiyo ya pili. Kwa hiyo, kabla ya kumpimia mteja, alikuwa anaondoa kila kitu kwenye mizani na kumwacha mteja aone kwa macho yake kwamba sahani mbili zimelingana. Ndipo achote maharage. Nilipokuwa mdogo niliona anapoteza muda.

Japani huku kwetu tunaijua kwa magari. Probox inayotupeleka mjini, ikiwa na watu kuliko viti, ilitengenezwa na watu hao. Mimi nilikwenda kwa mpango wa ABE, uliotangazwa na serikali ya Japani mwaka 2013 katika mkutano wa TICAD V mjini Yokohama, ambao huwapeleka vijana wa Afrika kusoma shahada ya uzamili na kufanya mafunzo kazini. Baada ya masomo niliajiriwa na kampuni ndogo ya vipuri vya mashine jijini Nagoya, nikishughulikia wateja wa Afrika wanaoandika kwa Kifaransa.

Ofisi ya Kijapani haina pa kujificha. Meza za kitengo kizima zimeunganishwa, na mkuu wa kitengo anakaa mwisho wa meza akiwaona wote. Kila jambo huripotiwa: umeanza, umefika wapi, umekwama wapi. Simu ikilia kwenye meza ya mwenzako asiyekuwepo, unaipokea wewe na kumwachia kikaratasi chenye jina la aliyepiga na saa. Anayetangulia kuondoka husema "osaki ni shitsurei shimasu", yaani niwieni radhi, natangulia. Wanaobaki humjibu "otsukaresama", neno ambalo sisi tunalo tayari: pole na kazi.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyetaka kutangulia. Kazi iliisha rasmi saa kumi na mbili jioni, lakini mkuu akiwa bado amekaa, wote walikaa. Wengine walikuwa na kazi kweli. Wengine, niliwaona kwa macho yangu, walikuwa wanafungua faili na kulifunga. Sheria ya nchi inasema saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki. Tangu Aprili 2019 kwa kampuni kubwa, na Aprili 2020 kwa ndogo na za kati, kazi ya ziada imewekewa kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Wajapani wenyewe wana neno la kifo kinacholetwa na kazi nyingi, karoshi, na mwaka 2014 walitunga sheria ya kupambana nacho. Hata hivyo sheria haimwinui mtu kwenye kiti chake ikiwa anaona aibu kuinuka.

Mimi nilikaa pamoja nao, huku moyoni nikiwahukumu. Nikasema: hii ni jamaa ya riya. Ni kazi ya kuonekana na bosi. Alhamdulillah, sisi tumefundishwa kumfanyia kazi Anayeona hata bosi akiwa hayupo. Naomba mlikumbuke jambo hili nililolisema.

Sasa nije kwenye swala. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, magharibi huingia karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, wala huhitaji kufikiria. Nagoya wakati wa kiangazi jua huzama baada ya saa moja usiku, lakini mwezi wa Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Maana yake, majira ya baridi adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinakukuta ofisini. Nikamwendea mkuu wa kitengo huku nikiwa na hofu. Hakuuliza maswali ya kejeli. Alichukua karatasi, akachora jedwali, akauliza: mara ngapi, saa ngapi, dakika ngapi? Nikasema adhuhuri nitaiswali wakati wa chakula, na hizo mbili zitanitosha dakika kumi kila moja, pamoja na udhu. Kesho yake aliwaeleza wenzangu kwenye mkutano wa asubuhi. Nikapewa chumba cha kuhifadhia nyaraka, na mama mmoja wa makamo tuliyekaa meza zinazopakana akajitolea kupokea simu zangu. Hata karamu ya kufunga mwaka, ambayo huwa ya usiku na pombe, nilipoeleza kwamba Mtume (s.a.w.) ametukataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, walinisamehe bila kinyongo, na siku nyingine tukala pamoja chakula cha mchana.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule nilibaki mgeni hata mwezi wa tatu, na raha ya kuwa mgeni ni kwamba kila usichofanya husamehewa. Watu hudhani ndivyo mlivyo huko mlikotoka.

Alasiri ya majira ya baridi huingia kama saa nane na nusu mchana. Burundi iko nyuma kwa saa saba, kwa hiyo huku kwetu ni saa moja na nusu asubuhi. Mama yangu wakati huo alikuwa Muyinga kwa dada yangu, mgonjwa wa miguu, na hiyo ndiyo saa aliyokuwa ameshakunywa uji na yuko tayari kuzungumza. Siku moja, baada ya kutoa salamu, nilimpigia simu nikiwa bado juu ya mswala. Dakika tano tu. Kesho yake nikampigia tena. Haukupita muda, dakika kumi za alasiri zikawa ishirini na tano kila siku. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuta vikaratasi mezani kwangu: wakala wa meli alipiga saa nane na dakika arobaini na tano; wakala wa meli alipiga tena, saa nane na dakika hamsini. Nilivisoma kama ujumbe wa wakala. Sikuvisoma kama ujumbe wa yule mama aliyekuwa akiacha kazi yake ili apokee simu zangu.

Mwezi wa Februari akaja kijana wa Kiindonesia kwa mafunzo kazini. Siku ya kwanza mkuu alituita wote wawili, akatoa jedwali lake, akamwambia kwa heshima: "Najua swala yenu ya alasiri inachukua dakika ishirini na tano. Tumejiandaa. Ila meza ya mapokezi haiwezi kubaki tupu muda huo, kwa hiyo nitakuweka ghala la chini." Yule kijana akashangaa. Akasema, "Hapana, bwana, kwangu dakika kumi zinatosha. Pengine hata nane." Kisha akanigeukia, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwomba ndugu yake amthibitishie.

Mkuu hakusema neno. Alichukua kalamu, akakata namba moja na kuandika nyingine.

Ndugu zangu, laiti angenigombeza. Alikuwa ameona tangu zamani, na akaamua kuamini kwamba dini yangu ndiyo inayotaka dakika hizo. Kwa miezi minne nilikuwa nimeishuhudia swala uongo mbele ya watu ambao, nje yangu, hawakuwa na Mwislamu wa kumwuliza. Na nusura kijana wa watu apelekwe ghalani kwa ajili ya maongezi yangu na mama.

Usiku ule nafsi ilinitetea, kama kawaida yake. Ilisema: hawa wanakuibia jioni zako bila malipo, wewe umejirudishia dakika chache, mmelipana. Hoja hii si ya kipuuzi. Wanazuoni wamejadili hali ya mtu anayedhulumiwa haki yake kisha akapata mali ya aliyemdhulumu, na katika madhehebu yetu ya Shafi huo mlango upo, kwa masharti yake. Lakini mimi sikuwa nimedai na kunyimwa. Sikuwahi hata kumwambia mkuu kwamba jioni zile zinanielemea. Na iko hadithi inayotuamuru kumrudishia amana aliyetuamini, na kutomhini hata aliyetuhini. Zaidi ya hayo, nilichojilipa nacho hakikuwa changu. Nilijilipa kwa jina la swala.

Nikakumbuka kanuni tuliyosoma madrasa: ruhusa haifungamani na maasi. Msafiri hupunguza swala, lakini kwa Mashafi anayesafiri ili akaibe hapewi ruhusa hiyo. Ruhusa ina mpaka, na mpaka huo ni ile haja iliyoileta. Dakika kumi zilikuwa za Mwenyezi Mungu. Dakika ya kumi na moja ilikuwa ya mwajiri.

Na nikamkumbuka Nabii Musa (a.s.), naye mgeni aliyeajiriwa ugenini, kule Madyan. Sura ya Al-Qasas inatueleza kwamba mapatano yalikuwa miaka minane, na kama angetimiza kumi, hiyo miwili ni hiari yake. Tazameni jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa. Minane ni deni. Miwili ni ihsani, na ihsani haidaiwi. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Musa alitimiza muda mrefu zaidi. Mimi nilikuwa nimevichanganya: nilitoa jioni za bure ambazo hazikuwa deni, tena kwa aibu tu, huku nikipunguza mchana ambao ndio deni. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya watu wanaotaka kipimo kamili wakipimiwa na kupunguza wakiwapimia wengine. Niliisoma miaka yote nikidhani inahusu wenye maduka.

Asubuhi nilihesabu. Dakika kumi na tano kwa siku, siku kama themanini za kazi: saa ishirini. Nikamwambia mkuu ukweli wote, na kwamba naomba zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka, siku mbili na nusu. Alinyamaza kidogo, akasema alidhani ni mambo ya dini, na mambo ya dini ya mtu hayaulizwi. Kisha akatoa muhuri wake akagonga karatasi. Nilimwomba radhi pia yule mama wa simu. Yeye alicheka, akauliza mama yangu anaendeleaje na miguu.

Tangu siku ile likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Ikifika saa kumi na mbili na kazi yangu imekwisha, niliweza kusimama, kuinama kidogo, kuomba radhi kwamba natangulia, na kuondoka. Kabla ya hapo nilikuwa nanung'unika moyoni na kubaki kitini, kwa sababu anayejua kwamba amepunguza mchana hana uso wa kudai jioni. Mwezi wa tatu kijana mmoja wa Kijapani alianza kuondoka nyuma yangu. Sidai kwamba nimebadilisha ofisi. Wengine waliendelea kukaa. Nami sikuwahukumu tena.

Msikiti wa Kobe, wa kwanza nchini Japani, ulifunguliwa mwaka 1935. Maana yake kabla yangu walipita Waislamu wengi waliofanya kazi kwa watu wale, wakaswali, wakaacha jina ambalo mimi nililikuta na kulitumia. Udhuru niliopewa siku ya kwanza bila ugomvi ulikuwa umelipiwa na watu nisiowajua. Nami nilikaribia kuuharibu kabla haujamfikia yule Mwindonesia.

Nasi hapa chuoni tunao udhuru huo. Mhadhiri anayeturuhusu kutoka Ijumaa saa sita na nusu hajui khutba inaisha saa ngapi, anatuamini. Swala inaisha saa saba na nusu, nasi tunaonekana darasani saa tisa, au hatuonekani kabisa. Tukitaka mwakani ndugu zetu wapewe ruhusa hiyo hiyo, basi turudi darasani.

Naandika haya nikiwa Nyarusange. Baba amezeeka, lakini bado kabla ya kupima huiacha mizani tupu mbele ya mteja. Leo nilimtazama muda mrefu.

Wabillahi tawfiq.