Mtihani wa Kuingia Sekondari Wapima Nini?



Kila mwaka wazazi wengi wa sharika zetu hapa Tanzania huwapeleka watoto wao wa darasa la saba kufanya mtihani wa pili, mbali na ule wa Serikali, nao ni mtihani wa kuingia katika shule za sekondari za Kanisa. Nafasi ni chache, nao wazitakao ni wengi. Majina yabandikwapo ukutani, mmoja hushangilia, na mwenziwe hurudi kwao amenyamaza. Je, ni haki Kanisa kuwachagua watoto namna hii?

Wako wasemao kwamba kuchagua kwenyewe ni dhambi, kwa kuwa Mungu hana upendeleo. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani waweke shule za wavulana na za wasichana pia. Lakini katika waraka uo huo alisema kwamba walio wengi yatosha wasome saa moja au mbili kwa siku, kisha wafanye kazi nyumbani. Bali walio hodari, watumainiwao kuwa walimu na wahubiri, wakae shuleni zaidi. Basi yeye naye alichagua. Tena mwaka 1530 alitaka mtoto hodari aliye maskini asaidiwe kwa mali ya Kanisa. Alijua hatari ilipo: mtu aweza kuchagua kwa mfuko wa baba, akauita kipaji cha mwana.

Hapo ndipo penye shida yetu. Katika shule za msingi za Serikali watoto wengi hufundishwa kwa Kiswahili, na katika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Ziko shule zetu zitungazo mtihani wa kuingia kwa Kiingereza. Mtoto aliyelipiwa ada miaka saba katika shule ya Kiingereza asoma swali la hesabu, alielewa mara moja. Mwenziwe wa kijijini, ambaye angeliweza hesabu ile ile, akwama katika neno la kwanza. Kisha huandikwa kwamba ameshindwa hesabu. Msahihishaji si mwongo, ameandika alichokiona. Lakini karatasi yenyewe imemshuhudia mtoto uongo.

Mtu atanijibu, “Masomo karibu yote ya sekondari ni kwa Kiingereza, asiyekijua atafuataje?” Neno hili lina nguvu, wala sitaki kulipita upesi. Lakini mtoto asiyejua jambo kwa kuwa hakufundishwa, hajashindwa kujifunza, hajajaribiwa bado. Na apimwe kwa lugha aliyofundishwa, kisha apewe miezi ya Kiingereza kabla ya kidato cha kwanza. Gharama ipo, ni kweli, na sharika zaweza kuichangia.

Iko sababu nyingine, ngumu zaidi kuisema. Shule hupenda sifa. Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa likitangaza shule kumi bora, mpaka Januari 2023 lilipoacha. Ila tamaa ya sifa haikuondoka pamoja na orodha ile. Hospitali iwapokeayo wazima tu yaweza kujisifu kwamba wagonjwa wake hawafi. Nasi twasahau tulikotoka. Katika miaka ya 1970 Serikali iligawanya nafasi za sekondari kwa mikoa, na watu wa Kilimanjaro, waliokuwa na shule nyingi tangu zamani, walinung’unika kwa kuwa watoto wao waliofaulu waliachwa. Katika miaka ya 1980 Kanisa na wazazi wakafungua shule nyingi huko, ili walioachwa wapate mahali. Shule iliyozaliwa kwa ajili ya walioachwa, leo nayo yaacha.

Tufanyeje, basi, maana nafasi hazitoshi? Mitume walipotaka kuijaza nafasi ya Yuda, kwanza walitafuta watu wafaao, wakapata wawili, Yusufu na Mathiya. Kisha wakapiga kura. Hawakuwapimia alama. Nasi twaweza kuweka kiasi ambacho mtoto akikifikia ataweza masomo, na wote waliokifikia wapigiwe kura. Najua wengine watacheka. Watasema kura haimjui mwenye bidii. Lakini je, mtihani wamjua? Mwenye alama 71 na mwenye 70 hutenganishwa na nini, kama si swali moja, au usingizi mbaya wa usiku ule? Mtoto aliyeachwa kwa kura atalia, lakini hatakwenda nyumbani akiamini kwamba yeye ni mjinga.

Wazee wa sharika waketio katika bodi za shule hizi, mkutano ujao na waulize neno moja tu: katika watoto waliopokelewa mwaka huu, wangapi walitoka shule za msingi za kijijini?