Mikono Nayo Isome

Wajukuu zangu wa Kilosa na Mikumi mliopata nafasi ya kusoma sayansi chuo kikuu, hongereni. Nawasikia mkibishana. Wapo wanaosema masomo ya mtandaoni yanatosha, ya nini kulipia chumba Morogoro mjini? Wengine wanashikilia kwamba bila mhadhiri kusimama mbele yako hujasoma. Naomba niwape neno langu.

Mtandao msiudharau. Vyuo vikuu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, mwenye simu nzuri na bando alikuwa na pa kujishikiza, asiye navyo alikaa akingoja. Mhadhara uliorekodiwa una subira: usipoelewa mlinganyo wa kemia unaurudia mpaka uingie, wala hakuna wa kukucheka. Kwa anayekaa safu ya nyuma ukumbini, asiyeuona hata ubao, simu iko karibu kuliko mhadhiri. Nadharia basi, ichukueni huko bila kuona haya.

Lakini sayansi ina sehemu ambayo simu haiwezi kuibeba. Chukua udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi. Uloweshe kidogo, uukande, kisha usukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada utoke kama utepe. Ukizidi sentimita tano kabla ya kukatika, huo ni mfinyanzi. Sasa okota wenye mchanga mwingi kando ya mto Mkondoa: utepe hautoki, unamomonyoka mkononi. Video itakuonyesha utepe uliokamilika, ila haitakuambia kwamba donge lako umelizidisha maji. Hilo utalijua kwa vidole, ukishaharibu madonge mbele ya mtu anayejua kazi. Na watu hao hawako mbali. Ilonga, hapo jirani na Kilosa mjini, kuna kituo cha utafiti wa kilimo. Nendeni mkaombe nafasi ya mafunzo kwa vitendo.

Ninyi wa Mikumi mnaosomea wanyamapori mna hifadhi mlangoni, iliyoanzishwa mwaka 1964, na nyani wake wamefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1970. Filamu ya nyani huonyesha ugomvi na kukimbizana, kwa sababu mpiga picha ndicho alichokichagua. Kaa na kundi lenyewe asubuhi nzima, ukiwa na saa na daftari, utaona sehemu kubwa ya muda ni kula, kutembea na kuchambuana manyoya. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mtafiti hujiwekea ratiba ya nani amtazame na kwa dakika ngapi. Asipofanya hivyo, jicho hukimbilia penye kelele, na takwimu zake zinapinda.

Kwa habari ya takwimu, jihadharini na kupika data. Zoezi la kompyuta huleta namba safi, zilizonyooka. Za fildi huja na matope: mvua imenyesha, mizani imegoma, mnyama kaingia kichakani. Ziandikeni hivyo hivyo, na sababu yake. Mwanafunzi aliyezoea namba safi tu ndiye anayeshawishika kuzitunga.

Ubishi wenu huu ulikwisha kupatiwa jibu hapa hapa nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kazi yake ni kuwafundisha watu walio mbali. Hata hivyo, mwanafunzi wake wa sayansi hufika maabara mwenyewe kufanya mazoezi. Kama chuo cha masafa kimeona hivyo, nani wa kubisha? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa hiyo gaweni fedha na muda wenu kwa akili. Mihadhara pakueni mahali penye mtandao mzuri, msikilize nyumbani. Nauli na posho ya fildi vitengwe kwanza, kabla ya simu mpya. Maabara msiende kumtazama mwenzenu akishika pipeti. Shikeni wenyewe, na fundi sanifu muulizeni maswali, maana anajua mengi yasiyoandikwa kitabuni.

Na kabla hujajisajili chuo chochote, uliza mambo mawili: maabara iko wapi, na mimi nitaingia lini? Wasipokujibu wazi, tafuta chuo kingine.