Mng'aro na Amana

Katika kila kazi ya mikono iko sehemu ya mwisho ambayo shabaha yake kubwa ni kukipendezesha kitu machoni. Seremala hupaka vanishi, mwashi hupiga chokaa, na sonara hung'arisha. Sehemu hiyo huhesabiwa kuwa nyepesi kuliko zilizoitangulia. Kwa mikono yamkini ni nyepesi; kwa dhamiri ni nzito, maana hapo ndipo mpaka wa kupamba na kudanganya unapokuwa mwembamba.

Pete ya kusubu huanza kwa nta. Sonara hufanya umbo la pete kwa nta, akalitia kijiti cha nta cha kuwa njia, akalizungushia plasta, kisha akaitia plasta hiyo katika tanuri. Nta huyeyuka na kuungua, ikaacha uwazi wenye sura yake, na fedha iliyoyeyushwa humiminwa ishike mahali pake. Kalibu ikivunjwa, pete hutoka na ngozi ya kukwaruza, imefifia rangi, na bado imeshikamana na shina lililogandia katika njia ya fedha. Shina hukatwa kwa msumeno, kovu lake hupigwa tupa, na mikwaruzo ya tupa hufutwa kwa msasa. Baada ya hayo pete huingia katika pipa.

Pipa hilo ni dogo, nalo huzungushwa kwa mota. Ndani yake mna gololi, vijiti na visahani vya chuma kisichoshika kutu, maji ya kuvifunika, na sabuni kidogo. Likizunguka, vyuma hivyo huporomoka juu ya pete mara maelfu kwa maelfu, muda wa saa kadhaa. Havikwangui, hukandamiza. Vinundu vidogo vya ngozi ya fedha hulazwa, uso ukakaribia kuwa kioo, na kwa kupigwa huko ukawa mgumu kuliko ulivyokuwa. Fedha haipotei, na nakshi haifutiki kama inavyoweza kufutika kwa gurudumu la kusugulia lisilotumiwa kwa kiasi.

Pipa lina unyofu wake. Mkwaruzo mzito wa tupa, ulioachwa na fundi mvivu, haliuondoi. Huung'arisha, hata ukaonekana zaidi kuliko kwanza. Sonara anayelitumaini pipa limmalizie kazi aliyoikwepa hupata aibu inayometameta. Lau pipa lingekuwa hivyo kwa kila ila, swali la maadili lisingalizuka.

Lakini iko ila nyingine. Fedha ikiganda hunywea, na hewa iliyonaswa ndani yake pengine hukosa pa kutokea. Kwa hiyo mara nyingi hubaki vitundu vidogo mfano wa vinyweleo, hasa karibu na shina. Msasa huvifunua. Gololi hufanya kinyume: huilaza ngozi ya fedha juu ya vile vilivyo vidogo na kuvifunika. Pete iliyoingia na vitundu hutoka haina doa. Je, imeponywa au imefichwa?

Mtetezi wa sonara ana hoja isiyodharaulika. Uso uliokandamizwa si rangi iliyopakwa. Ni fedha ile ile, nayo imeshikana kweli. Mnunuzi alitaka pete nzuri, akapewa. Hakuna chombo cha kusubu kisicho na kitundu hata kimoja ndani yake, na sonara atakayetangaza kila kitundu hatauza kitu.

Walakini hoja hiyo inasahau kwamba pete huvaliwa. Ngozi iliyofunika huliwa polepole na kazi za kila siku, na siku moja vitundu hufunguka, vikashika uchafu na kuwa weusi. Au pete hupelekwa kupanuliwa, ikapasuka palipokuwa na uwazi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pipa laweza kukifanya kibaya nacho kijiuze.

Wala sheria haitoshi kuwa mlinzi. Mwaka 1300, katika enzi ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, sheria iliamuru vyombo vya fedha vipimwe na kupigwa chapa ya kichwa cha chui kabla ya kutoka mikononi mwa fundi. Desturi ya kupima ingaliko, na kipimo mashuhuri cha fedha ni sehemu 925 katika 1000. Chapa hiyo hushuhudia kilichochanganywa, haishuhudii kilichofunikwa. Baina ya chapa na kitundu hubaki nafasi ambayo haina mlinzi ila amana ya sonara mwenyewe.

Kwa hiyo hukumu haiwezi kutafutwa katika mng'aro, maana mng'aro wa mwaminifu na wa mdanganyifu ni mmoja. Hutafutwa katika saa ile kabla ya pipa kufungwa, sonara anapoigeuza pete mwangani. Vitundu vichache nyuma ya kidani kisichobeba uzito havimdhuru mtu, na kuvifunika ni kupamba. Vitundu vile vile katika mkono wa pete, au katika kucha zinazoshika kito, vyataka pete iyeyushwe na kusubiwa upya, ijapokuwa kazi ya siku nzima hupotea. Kipimo ni hiki: je, sonara anaweza kumwambia mnunuzi yote aliyoyaona, na biashara ikasimama? Ikiwa biashara yategemea kimya chake, basi ameuza kimya hicho pamoja na pete. Na yule asiyetazama makusudi, ili asijue, hakujitoa katika lawama, aliiingia mapema.

Mwanadamu naye hulainishwa kwa kugongana na wenziwe. Adabu aipatayo humo si unafiki, kama mng'aro wa fedha usivyo uongo. Huwa unafiki anapoifanya badala ya kutengeneza alichokijua kuwa kibovu ndani yake.

Pete iliyouzwa leo yaweza kuvaliwa miaka ishirini. Alichokiona sonara peke yake asubuhi moja, mwenye pete atakuja kukiona siku yake, na hapo sonara hatakuwapo kueleza.