Mbegu ya Kuazima: Nani Mwenye Elimu ya Shamba?

"Mutoto yangu, jina yangu iko wapi?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa mama mmoja wa Uvira, na tulikuwa tumesimama kando ya tuta lake la mboga katika mji mdogo wa kaskazini mwa Marekani, mahali ambapo jalidi ya kwanza huwakuta wengine hawajamaliza kuvuna. Nilikuwa nimempelekea nakala ya tasnifu yangu ya uzamili, niliyoiandika katika somo la kilimo endelevu na mifumo ya chakula ya jamii. Sura nzima ya tasnifu hiyo ilitokana na maneno yake na kazi ya mikono yake. Mama huyu hasomi Kiingereza, lakini jina lake analijua linavyoandikwa, naye alikuwa amelitafuta ukurasa kwa ukurasa asilipate. Nikamwonyesha palipoandikwa "Mshiriki wa Tatu". Nikamweleza kwamba kamati ya maadili ya utafiti ndiyo inayotaka hivyo, ili kumlinda.

"Unanilinda na nani?" akauliza.

Sikuwa na jibu, na sidhani kama ninalo kamili hata leo. Ila swali lake limenilazimisha nijiulize jingine, ambalo naona linatuhusu wengi wetu tuliokuja ughaibuni kusomea mambo ambayo nyumbani hayakuwa na darasa: mtu anayejifunza chuoni, kwa karo na kwa shahada, yale ambayo wengine waliyajua shambani bila karo wala shahada, anadaiwa nini, na anadaiwa na nani?

Nilianza kuuhisi uzito wa jambo hili mapema, katika muhula wangu wa kwanza. Mhadhiri alikuwa akizungumzia kilimo cha miteremkoni, na kwenye ukuta wa ukumbi ikaangaza picha ya mlima uliotobolewa vishimo vingi kama sega la nyuki. Niliitambua kabla hajataja mahali. Ilikuwa ngoro ya Umatengo, wilayani Mbinga, nchi ya bibi yangu mzaa mama. Katika milima ile, mvua zinapokaribia kwisha, majani marefu hufyekwa na kulazwa yakauke, kisha hupangwa katika mistari inayokatizana hadi yafanye miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya majani. Hivyo huzaliwa tuta lenye mboji ndani yake na shimo linaloyazuia maji yasiporomoke na rutuba. Juu ya matuta hupandwa maharage. Msimu unaofuata hupandwa mahindi. Kwa desturi wanaume hufyeka na kuyapanga majani, na wanawake hushika jembe la kufukia, kazi ambayo ndiyo ndefu na ndiyo inayovunja mgongo.

Mhadhiri aliisifu ngoro kwa dhati. Alisema imezuia mmomonyoko kwa zaidi ya karne moja pasipo saruji wala mbolea ya viwandani. Wanafunzi waliandika. Nami niliandika, nikishangaa kuona mkono wangu ukinakili kwa Kiingereza jambo ambalo mwili wangu ulilijua tangu utoto, siku nilipofokewa kwa kukanyaga tuta bichi. Katika orodha ya marejeo palikuwa na makala ya A. H. Pike, iliyochapishwa mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na tafiti za miaka ya 1990 na baadaye za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani. Ni kazi za heshima zote. Lakini katika orodha hiyo kila mwandishi alikuwa na jina, na waliochimba walikuwa "Wamatengo" tu.

Hapa patakuwapo msomaji atakayepinga, na hoja yake ina nguvu. Atasema: elimu si jembe. Ukichukua jembe la bibi yako, bibi hana tena cha kulimia. Ukichukua elimu yake, elimu imebaki kwake na sasa iko kwako pia. Haipungui kwa kugawiwa. Kama ni hivyo, nani ameibiwa nini? Tena bibi mwenyewe hakuibuni ngoro. Aliipokea kwa mama yake, naye kwa mama yake. Kudai jina la mwenye elimu ya aina hiyo ni kama kudai jina la aliyetunga methali.

Nakubali kwamba elimu haipungui. Nadhani kinachopungua ni kitu kingine, nacho ni nafasi ya mtu kuhesabiwa kuwa anajua. Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aliieleza dhuluma anayotendewa mtu katika uwezo wake wa kuwa mjuzi: neno lake kupewa uzito mdogo kuliko linaostahili kwa sababu ya jinsi anavyoonekana machoni pa msikilizaji. Dhuluma hii haihitaji kuchukua kitu mkononi mwa mtu. Inatosha kwamba siku ya kuamua juu ya shamba, anayeitwa mezani ni yule aliyeandika juu ya shamba, na aliyelilima anasubiri nje kuambiwa kilichoamuliwa.

Historia yetu ina mfano ulio wazi. Katika miaka ile ile ya utawala wa Waingereza uliochapisha sifa za ngoro, maofisa wa kilimo waliamua kwamba milima ya Uluguru inaporomoka na kwamba dawa yake ni matuta ya ngazi. Waluguru walilazimishwa kuyachimba. Sehemu nyingi ngazi zile ziliufukia udongo mzuri na kuutoa juu ule usio na rutuba, na wakulima waliliona hilo kwa macho na katika mavuno yao. Walisema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na baadaye mpango ukaachwa. Waliokuwa wakisema walikuwa na elimu. Hawakuwa na nafasi ya kuhesabiwa kuwa nayo.

Hata pale msomi alipokuwa msikivu, kumbukumbu ilielekea upande mmoja. Albert Howard, Mwingereza ambaye kitabu chake cha mwaka 1940 ni miongoni mwa misingi ya kilimo hai, alikiri waziwazi kwamba wakulima wa India walikuwa walimu wake. Ni sifa kubwa kwake. Lakini njia ya kutengeneza mboji aliyoifikia kule inaitwa kwa jina la mji wa Indore, na baba wa kilimo hai huitwa Howard. Walimu hawakubakiwa na kitu cha kuitwa.

Wala vyuo vyenyewe havikuanza bila deni. Vyuo vikuu vingi vya umma vya Marekani vinavyofundisha kilimo vilianzishwa au kustawishwa kwa sheria ya mwaka 1862 iliyovigawia ardhi ili kwa mauzo yake vipate mtaji. Ardhi hiyo, ekari zaidi ya milioni kumi, ilikuwa ya mataifa ya wenyeji wa Marekani, baadhi yao wakulima wa mahindi, maharage na maboga kabla ya kuwapo chuo chochote. Anayesoma kilimo endelevu katika madarasa hayo anasoma ndani ya nyumba iliyojengwa kwa kuwaondoa wakulima.

Hata hivyo, sitaki kuiandika insha ambayo bibi daima ana haki na chuo daima kina makosa. Insha za namna hiyo tunazipenda sisi wa ughaibuni kwa sababu zinatuliza hamu ya nyumbani, na aghalabu huandikwa na watu wasiolima. Ngoro ilikuwa kazi ya kuchosha, na sehemu nzito ya uchovu huo ilikuwa ya wanawake. Palipoongezeka watu na mashamba yakakosa muda wa kupumzika, ngoro peke yake haikuweza kurudisha rutuba. Na viwavijeshi vamizi vilipoingia Afrika mwaka 2016, vikala mahindi kutoka magharibi hadi mashariki mwa bara, hakuna mzee aliyekuwa na kumbukumbu ya kutuongoza, kwa kuwa mdudu mwenyewe alikuwa mgeni, ametoka Amerika. Aliyemtambua na kumpa jina ni mtaalamu wa maabara. Chuo kimenipa uwezo wa kupima udongo, wa kulinganisha mlima na mlima, wa kutofautisha desturi inayofanya kazi na ile inayorudiwa kwa mazoea tu. Ningekuwa mwongo nikisema hayo ni bure.

Basi elimu niliyoichukua shambani na kuipeleka chuoni ni kitu cha namna gani? Kwanza niliiita hiba. Mama wa Uvira alinieleza kwa hiari, hakudai malipo, na tangu lini mzee akamwuzia kijana maneno? Lakini aliyepewa hiba hana deni zaidi ya shukrani, na swali la mama yule halikuwa la kutaka shukrani. Shukrani alikuwa ameshaipata, ukurasa wa kwanza, kwa "washiriki wote".

Kisha nikaiita amana. Neno hili lina heshima kubwa katika maadili ya Waswahili, na lilinipendeza. Lakini amana huwekwa isiguswe. Mwenyewe akirudi aikute kama alivyoiacha. Elimu ya shamba ikihifadhiwa hivyo hufa. Haiwezi kukaa sandukuni.

Nikakumbuka kitu tulichokuwa tukifanya kijijini mwaka wa njaa. Aliyekula mbegu yake kwa dhiki alikwenda kwa jirani kuazima. Mbegu hiyo hakuwa ameipewa, kwa maana alitakiwa airudishe. Hakuwa amewekewa, kwa maana asingeifukia ardhini asingekuwa na cha kurudisha. Aliazimwa ili aitumie mpaka ipotee udongoni, na alichorudisha baada ya mavuno hakikuwa punje zile zile. Kilikuwa kizazi chake, na mwenye adabu alizidisha kidogo. Jirani naye alikuwa na haki ya kuitazama mbegu iliyorudi, kuiuma, na kusema kama ni nzuri au imeoza.

Nadhani elimu ya shamba inayokwenda chuoni ni ya namna hiyo, na haki ya mwisho, ya kuiuma mbegu, ndiyo tunayoisahau zaidi. Tunakumbuka kuomba ridhaa. Tunakumbuka, pengine, kutoa shukrani. Lakini tunarudisha mavuno katika lugha ambayo mkopeshaji haisomi, katika majarida ambayo hawezi kuyafungua, na kwa hiyo hawezi kutuambia kwamba tumeoza.

Siku ile, kwa kukosa jibu, nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikaanza kumsomea sura yake, nikiifasiri kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Ilichukua alasiri tatu. Kwa kiasi kikubwa alisikiliza huku mikono ikifanya kazi. Alasiri ya pili tulifika mahali nilipoeleza kwa nini aliacha safu nzima ya lengalenga, yaani mchicha, ikue kando ya uzio bila kuivuna kwa ajili ya kuuza. Wenyeji wengi wa mji ule huung'oa mmea huo kama gugu, na kiangazi changu cha kwanza niliwahi kusimama nikawatazama wanafunzi wenzangu wakiung'oa, nikaona haya kusema kwamba kwetu ni chakula. Labda kwa kulipa kosa hilo, katika tasnifu niliusifia. Niliandika kwamba mkulima ameuacha ili kivuli chake kihifadhi unyevu wa udongo na maua yake yavute wadudu wenye manufaa.

Mama aliacha kupalilia. "Nani alikuambia hivyo?"

Nikasema nilikuwa nimeona mwenyewe.

"Hapana," akasema. Kisha akanieleza. Wako wanawake wanaotoka kazini usiku, wengine wageni kabisa, wasio na pesa ya mboga na wenye haya ya kuomba. Safu ile iko kando ya uzio ili mtu aweze kuchuma akiwa nje, gizani, bila kubisha hodi.

Nilikuwa nimesomea mifumo ya chakula ya jamii kwa miaka miwili. Mfumo ulikuwa mbele yangu, urefu wa hatua kumi na mbili, nami nikaandika juu ya unyevu wa udongo. Walioisoma tasnifu waliipa alama ya juu, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kulijua kosa hilo. Aliyeweza alikuwa mmoja, naye nilikuwa nimemwita Mshiriki wa Tatu na kumwacha nje ya chumba ilipotetewa.

Nimeandika ukurasa wa masahihisho na kuuambatisha kwenye nakala iliyo maktabani. Jina lake bado halimo, wala humu silitaji. Fomu niliyotia saini inanifunga, na ninajua kwamba kwa watu waliovuka mipaka kwa makaratasi ya ukimbizi kanuni ile haikutungwa kwa upuuzi. Wako wenye sababu ya kujificha. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyemwuliza yeye kama ni mmoja wao. Fomu ilikuwa na mahali pa kukubali kutotajwa. Hapakuwa na mahali pa kuomba kutajwa. Nimeiandikia kamati ya maadili kupendekeza paongezwe mstari mmoja. Wamejibu kwamba watalijadili.

Nilipomwambia mama jambo hilo, alicheka kidogo, akanipa fungu la lengalenga, akaniuliza kama mbegu za mwaka ujao ninazo.

Sikuwa nazo. Akaniazima.