Mikono ya Aliyefunga Duka

Sifa njema zote ni za Allah, aliyemuumba Adam kwa udongo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Ndugu Waislamu, leo tuwazungumzie wazee wetu waliokwisha kufunga maduka na kuwakabidhi watoto daftari za hesabu. Wengi wao wamebakiwa na baraza na dawa za presha. Kuwaacha hivyo ni kuwadhulumu, maana mikono yao bado inahitaji kazi. Nabii Daud alikuwa mfalme, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa alikula kwa kazi ya mkono wake. Bi Zainab bint Jahsh, Mama wa Waumini, alikuwa akitengeneza ngozi na kuzishona, kisha akitoa sadaka. Njaa haikuwa sababu ya kazi zao.

Hata nje ya umma wetu kazi ya mikono isiyosukumwa na njaa ipo. Katika mji wa Tsu, Japani, Kawakita Handeishi, aliyezaliwa mwaka 1878 katika ukoo wa wafanyabiashara wa pamba, aliongoza benki hadi 1945. Mwaka 1930 alianzisha taasisi ya kuendeleza utamaduni wa mji wake. Ufinyanzi alijifunza ukubwani, na alipoiacha benki ndipo alipozama hasa katika udongo na tanuri, hadi kufa kwake mwaka 1963. Vyombo vyake hakuviuza, aliwagawia watu. Sisi husema mfinyanzi hulia gaeni, tukimsikitikia. Huyu alikwenda gaeni kwa hiari yake.

Atasema mtu: huyo alikuwa wa benki, na riba ni haramu. Kweli, na benki yake siitetei juu ya mimbari hii. Ninachochukua ni ule udongo. Mwingine atasema mzee ahimizwe dhikri, si kuchezea matope. Lakini mikono ikiwa kazini ulimi haujafungwa kumtaja Mola, ilhali barazani, tukubali, hufunguliwa zaidi na kusengenya. Kizuizi kikubwa ni aibu: pwani yetu chungu na chetezo huhesabiwa kazi ya wanawake, tena wasio na kitu. Aibu hiyo tumeitunga wenyewe. Nabii Zakariya alikuwa seremala, na hao mama wafinyanzi ndio wenye elimu. Tajiri wa jana akikaa chini mbele yao kujifunza, heshima yake haipungui.

Basi mwenye baba aliyestaafu asimnunulie kiti kingine cha kuegemea. Amuulize mikono yake inatamani nini, ampelekee udongo, au randa, au miche ya minazi. Na chungu chake cha kwanza, hata kikitoka na ufa, kipewe kazi nyumbani.